Saratani Haikujua Kuna Kafyu

Wasee, mnakumbuka 2020? Machi kafyu ikaanza, Aprili ikawa hakuna kuingia wala kutoka Nairobi, matatu zikabeba watu wachache na nauli ikapanda. Wengi wetu tulilia tu vile tumeboeka.

Mgonjwa wa saratani hakuwa na nafasi ya kungoja. Mionzi mara nyingi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo. Ukikosa siku nyingi, tiba inapungua nguvu.

Na kulikuwa na woga. Mtu akiwa kwa kemo, kinga ya mwili hushuka. Joto likifika nyuzi 38 ni dharura, hata kama ni saa nane usiku. Lakini siku zile homa ilimaanisha korona na karantini. Ni rahisi sana mtu kunyamaza nayo.

Janga lingine likija, serikali isifunge barabara kabla ya kupanga vile wagonjwa watafika kliniki. Na kama kwenu kuna mgonjwa, usingoje serikali: nunua kipimajoto, bandika ukutani namba ya kliniki na ya mtu wa gari. Halafu mpigie simu mpige stori, si kuuliza ugonjwa tu. Upweke pia unaumiza.