Muhimbili mpya, na sisi wa hotpoti

KIBARAZANI
Na Zuhura Mkwizu

Ukiuliza njia pale Muhimbili hakuna atakayekutajia namba ya jengo. Utaambiwa pita Mwaisela, mgonjwa wako yuko Kibasila, au nenda Sewa Haji. Jina hilo la mwisho lina umri mkubwa kuliko hospitali yenyewe. Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, na fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Waafrika na Wahindi hapa Dar es Salaam mwaka 1897. Wajerumani walijijengea ya kwao Ocean Road, penye upepo wa bahari. Waingereza wakaja na kubwa zaidi, Upanga, mwaka 1956, wakaiita Princess Margaret kwa heshima ya dada wa malkia wao. Uhuru ulipopatikana, Margaret akaenda zake.

Sasa serikali inataka kuijenga Muhimbili upya. Sina ugomvi na tingatinga. Jiji la 1956 si hili. Novemba 2015, Rais Magufuli alipoingia pale bila taarifa na kukuta wagonjwa wamelala chini, fedha za hafla ya wabunge zilinunua vitanda. Nchi nzima ilizungumzia vitanda. Sikumsikia aliyezungumzia mabenchi.

Maana hospitali zetu zinaendeshwa na manesi pamoja na ndugu. Ndugu ndiye anayeleta uji alfajiri na kanga ya kubadilisha, anayekimbilia duka la dawa, anayetafutiwa mshipa damu ikihitajika. Mama yangu mdogo alipolazwa Kibasila, nilikaa siku tatu chini ya mti na mama mmoja wa Nachingwea aliyemleta mwanawe kwa rufaa. Hakuwa na mtu hapa mjini. Mimi nilikuwa na chapati, yeye ana mihogo ya kuchemsha; siku ya tatu kila mmoja alijua homa ya mgonjwa wa mwenzake imeshuka kiasi gani. (Siasa za mtaa pia nilizipata palepale, tena kwa undani kuliko gazetini, mhariri anisamehe.)

Basi wachoraji wa ramani watuwekee paa, vyoo, bomba la maji, jiko la kupashia uji, na vyumba vya bei nafuu kwa wanaotoka mikoani. Sidhani kama vyote hivyo vinafikia bei ya CT-scan moja. Hospitali ya Mloganzila, iliyofunguliwa 2017 kwa mkopo wa Korea, ni nzuri kweli, lakini uji wa kutoka Mbagala unafika huko umeshabadili daladala na kupoa.

Na majina ya wodi yaachwe. Yule mama akirudi, hatauliza ghorofa ya ngapi. Atauliza Kibasila iko wapi.