Hodi ya Askari

Juzi mama mmoja jirani yangu alinijia huku akilia. Askari walipekua nyumba yake wakitafuta mali ya wizi kwa ajili ya mwanawe, wakaondoka na redio aliyoinunua mwenyewe. Nikamwuliza, "Mama, walikuachia karatasi gani?" Akajibu, "Mwanangu, nani awezaye kumdai askari karatasi?" Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu juma hili.

Wewe wawezaye kusoma, yakupasa kujua. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 16, yalinda maskani ya kila mtu. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yaonyesha njia ya kufanya upekuzi.

Kwanza, askari huja na hati ya mahakama. Ikiwa kukawia kutafanya kitu kipotee, mkuu wa kituo aweza kupekua mwenyewe au kumpa askari wake kibali cha maandishi. Ni dharura kubwa tu ndiyo imruhusuyo askari kuingia bila karatasi. Basi omba kuisoma.

Pili, hati ya mahakama hutumika siku yo yote, hata Jumapili, lakini ni baina ya macheo na machweo. Usiku yahitaji ruhusa ya mahakama.

Tatu, mwanamke akipekuliwa mwilini, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa heshima.

Nne, kitu kikichukuliwa, askari atoe stakabadhi, nayo itiwe sahihi na mwenye nyumba au ndugu yake, pamoja na mashahidi waliokuwapo. Kwa hiyo mwite jirani au mwenyekiti wa kitongoji aone kwa macho yake. Wala usitie sahihi karatasi tupu.

Je, nasema tuwafungie askari mlango? Hasha! Amzuiaye askari kazini hujitia hatiani mwenyewe. Tena stakabadhi humfaa hata askari mwaminifu, maana hakuna atakayeweza kusema kwamba aliiba au alileta kitu mfukoni mwake.

Yule mama anayo risiti ya dukani. Jumatatu nitamsindikiza kituoni, tuulize kwa adabu, tuandikiwe. Nawe, msomaji, wasomee haya wazee wako jioni ya leo, kabla hodi haijapigwa.