Pangoni Kuumbi si disko, mchuchumio uache nyumbani!

MTOTO wa mjini akikuambia wikiendi hii anavuka kwenda Zanzibar, ratiba yake unaijua kabla hajaimaliza: pweza wa Forodhani, urojo, kisha moja kwa moja Nungwi kujirusha hadi Jumapili jioni. Sina ugomvi naye. Pesa zake, miguu yake. Ila leo nataka nimkamate mkono, nimpeleke upande wa pili wa kisiwa, kusini mashariki, kule Jambiani, halafu nimshushe chini ya ardhi.

Huko kuna pango linaitwa Kuumbi. Watalii wanapelekwa kwa vikundi, mwongozaji mbele, kamera shingoni. Sisi tukiona vile tunasema, “Aa, mambo ya Wazungu hayo!” Jamani, nani alituambia kwamba kuijua nchi yetu ni kazi ya mwenye kamera?

Kwanza tuelewane hilo shimo limechimbwa na nani. Jibu ni maji. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe, jiwe la chokaa lile lile lililojenga nyumba za Mji Mkongwe. Mvua ikinyesha, maji hunyonya hewa ya ukaa angani na kwenye udongo, yanapata ukali kidogo, yanaanza kulila jiwe. Tone kwa tone, maelfu ya miaka, jiwe linabaki tumbo wazi. Maji hayo hayo yakichuruzika darini huacha chokaa kidogo, ndipo unapoona mawe yananing’inia kama mishumaa iliyoyeyuka. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa imejaza dari nzima!

Sasa njoo kwenye utamu wenyewe. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia Mtanzania, alichimba pale Kuumbi. Baadaye, mwaka 2012, wakaja watafiti wengine kutoka nje nao wakachimba. Unajua walitoa nini chini? Zana za mawe, na mifupa ya wanyama walioliwa na watu takriban miaka 20,000 iliyopita. Na si mifupa ya samaki tu, ndugu yangu. Ya pundamilia! Ya nyati!

Hapo msomaji makini atauliza: pundamilia alifikaje Unguja, alipanda boti gani? Hakupanda boti. Alitembea. Zama hizo sehemu kubwa ya maji ya dunia ilikuwa imeganda kuwa barafu, bahari ikashuka zaidi ya mita 100. Mkondo wa Zanzibar, ambao leo boti inauvuka kwa takriban saa mbili huku wengine wakitapika, ulikuwa nchi kavu. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, na takriban miaka 10,000 iliyopita Unguja ikawa kisiwa. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana kijiweni kuhusu Muungano wa 1964, waambie upo mwingine wa kale zaidi. Huo haukusainiwa na mtu, na shahidi wake ni mfupa wa pundamilia ndani ya pango.

Kuna na hili: vimepatikana pia vichwa vya silaha vilivyochongwa kwa mfupa, vya miaka kama 13,000. Watafiti wanadhani vingine vilikuwa vya mishale ya sumu. Babu zetu hao walikaa pale pale unapotaka kupigia picha, wanachonga, wanachoma nyama.

Ndiyo maana nasema mwongozaji si mapambo. Unamlipa akuonyeshe njia, na pia akuzuie. Akisema usikanyage pale, usikanyage. Ule udongo unaouona kama vumbi ni kitabu ambacho hakijasomwa chote. Ukiokota kijiwe au kijifupa “kwa ajili ya ukumbusho,” umechana ukurasa. Hata ukikirudisha kesho haisaidii, kwa sababu mtaalamu anataka kujua kilikuwa kimelala tabaka gani, pamoja na nini.

Halafu wapo wale wa kuandika “Side + Mwajuma” ukutani. Kaka, kama mapenzi yako yanahitaji msumari na jiwe la maelfu ya miaka ili yaaminike, mwenzio ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Jambo jingine: Kuumbi si makumbusho tu. Kwa watu wa huko ni mahali pa mizimu. Utaweza kukuta vitambaa, chupa za marashi, dalili za ubani. Mtu alikuja pale na shida yake: mtoto, maradhi, riziki. Wewe uamini usiamini, hiyo ni imani yako na Mungu wako. Lakini usicheke, usiguse, na sarafu usizitie mfukoni. Ungefurahi mgeni aje sebuleni kwenu aanze kupekua kabati la mama?

Kwa wenye mpango wa kumpeleka mpenzi, maelekezo ni haya. Mchuchumio na kandambili viache nyumbani, vaa raba, maana jiwe la matumbawe linakata na penye unyevu linateleza. Beba tochi. Dada, vaa nguo ya heshima, unapita kijijini kwa watu. Salimia wazee. Popo wakiruka, usipige kelele za sinema. Ndiyo wapangaji wa kudumu, wewe ni wa nusu saa. Na kama shida yako ni kuogelea, hapo hapo Jambiani kuna pango jingine, Kuza, lenye maji ya kujitosa. Kila pango na shughuli yake.

Nungwi haitahama, utaikuta. Lakini mfupa ukishatoka Kuumbi ndani ya begi la mtu, hata Chami mwenyewe hawezi kuusoma tena. Basi wikiendi hii ukiingia pangoni, toka na vumbi la viatu tu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.