Wakili Akiwa Diwani, Amejitupa?

Kuna maneno yaliyozoeleka midomoni mwa watu wetu. Kijana akisoma sheria kisha akagombea udiwani, husemwa amejitupa. Mahali pa wakili, wasema, ni kortini na ofisini. Udiwani ni kazi ya kuhesabu madimbwi na kuamua ugomvi wa uchochoroni. Sisi twasema maneno haya ni makosa, tena ni makosa yanayowatoa watu majumbani mwao.

Tutazame Goweko. Msomaji wa pwani huenda akauliza, Goweko yatuhusu nini? Ni kituo cha reli katika wilaya ya Uyui, ukitoka Manyoni kabla hujafika Tabora. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, na upande ule ndiko walikopita babu zetu na misafara yao kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe. Basi si ugenini.

Haki ya mwanakijiji wa huko juu ya kiwanja chake imo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo yasema halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Ni wangapi walijuao hilo? Mara ngapi tumesikia, katika vijiji vya nchi hii, mgeni amekuja na gari na karatasi, muhuri ukapigwa, na mjane akaambiwa asubuhi kwamba shamba lina mwenyewe! Na mwaka 2021 ulitiwa saini mkataba wa reli ya kisasa, kipande cha Makutupora hadi Tabora. Penye reli mpya ardhi hupanda bei, na wenye macho makali hufika kabla ya treni. Anayehamishwa, fidia yake si bei ya matofali peke yake. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Mzee asiyejua haya hutia dole gumba, akashukuru kwa alichopewa.

Atasemwa aende akashtaki. Wapi? Tangu mwaka huo huo wa 2021 baraza la kata halihukumu tena kesi za ardhi, husuluhisha tu. Suluhu ikishindikana, ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: nauli, siku zilizopotea, na ada ya wakili. Yule wakili aliyekataa udiwani sasa hulipwa kwa kuku wa mjane! Angalikuwa diwani, angaliisoma karatasi kabla ya muhuri.

Wengine husema mwanasheria barazani huleta ugomvi tu, na humtaja Erias Lukwago wa Kampala. Haya, na atajwe. Huyu ni wakili, Mwislamu mwenzetu, aliyekuwa mbunge tangu 2006, akauacha ubunge akawa Meya Mkuu mwaka 2011. Sheria mpya ya jiji ilikuwa imekwisha kumpa nguvu za utendaji mkurugenzi anayeteuliwa na Rais. Mwaka huo huo familia zaidi ya 1,700 zilitolewa katika nyumba za Nakawa na Naguru kwa ahadi ya mji mpya, na umeya wake haukulizuia hilo. Tarehe 25 Novemba 2013 madiwani walipiga kura 29 kwa 3 kumwondoa, ilhali amri ya korti ya kusimamisha kikao ilikuwa imekwisha kutolewa. Wenyeji wakamrudisha kwa kura 2016, na tena 2021.

Sasa mgomvi ni nani hapo, aliyeshika amri ya korti au walioipita? Twakubali kuwa elimu ya mtu mmoja haikutosha. Lakini hiyo ni hoja ya kutaka wanasheria kumi barazani, si ya kumkimbiza huyo mmoja.

Ama wale wacha Mungu wanaosema cheo hakiombwi, wakumbuke Nabii Yusuf, aliyejitolea kusimamia ghala za Misri kwa kuwa aliijua kazi. Khasa lawama yetu ni kwa vijana tuliowasomesha kwa michango ya misikiti. Mwaka 2005 ilipofutwa sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, mpangaji wa Kariakoo akabaki kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Ni wakili gani wetu aliyegombea kata kwa ajili yake?

Uchaguzi wa madiwani ujao, Mungu akipenda, ni 2030. Mwombaji kura akija na pilau, mleni, kisha mtieni mkononi karatasi ya mauzo ya shamba. Aisome mbele ya watu, aseme ina kosa gani.