Verity: Usiniulize Nani Alidanganya

Onyo kwanza: nitataja mwisho wa kitabu, wote. Kama hujasoma Verity ya Colleen Hoover na unapanga kuisoma, wachana na hii kwanza, nenda usome, halafu urudi. Na kama bado uko shule, jua hiki ni kitabu cha watu wazima. Si cha kusoma mama akiwa ameketi kando.

Sawa. Tumebaki sisi.

Kitabu kilitoka 2018 na mpaka leo ukiuliza wasee waliokisoma, "Mswada ama barua?", watakosana mbele yako. Na sisemi ule mswada wa Bunge.

Nikumbushe kidogo. Lowen ni mwandishi aliyesota. Jeremy anamtaka amalizie vitabu vya mkewe, Verity, ambaye tangu ajali ya gari amelala tu, haongei wala hatembei. Akiwa kwa nyumba yao Lowen anapata mswada ambapo Verity anakiri mambo ya kutisha, mpaka kumuua binti yake ziwani. Anamwonyesha Jeremy. Verity anakufa, na si kifo cha Mungu. Miezi baadaye Lowen, sasa ana mimba ya Jeremy, anapata barua imefichwa chini ya sakafu. Verity anasema ule mswada ulikuwa mazoezi tu ya uandishi, ya kuvaa roho ya mtu mbaya. Mtoto alikufa kwa ajali. Tena Jeremy alikuwa ameshausoma mswada kitambo, na ile ajali ya gari haikuwa ajali.

Karatasi mbili, mwandishi ni yule yule, na haziwezi kuwa kweli zote mbili. Halafu kitabu kinaisha.

Mimi nilimaliza saa nane usiku. Manze, niliangalia kama kuna kurasa zimeng'oka, maana yangu ni nakala ya kununua kando ya barabara tao, na zile huwezi kuziamini.

Wengi husema kumaliza hadithi hivyo ni uvivu. Naelewa. Shuleni tulizoeshwa kwamba kila riwaya ina jibu, mwalimu analo, na ukilikosa unakosa maksi. Hata Hoover alipoongeza sura moja baadaye, watu waliikimbilia kama majibu ya mtihani. Wakaisoma, wakaendelea kubishana.

Maoni yangu ni haya: tunauliza swali lisilofaa. Nani alidanganya, kitabu hakisemi. Lakini Lowen alifanya nini, hilo tumeonyeshwa wazi kabisa. Mswada aliusoma polepole, siku baada ya siku, akauamini. Barua aliisoma, akaichana, vipande vingine akavitafuna akameza. Kwani tofauti ilikuwa nini? Mswada ulimpa alichokuwa akitaka tayari, Jeremy. Barua ilikuja kumnyang'anya.

Utaniambia alikuwa na mimba, na huenda anaishi na muuaji, angefanya nini? Ni kweli, labda ni woga. Lakini woga pia si ushahidi. Hakuharibu barua kwa sababu ni ya uongo. Aliiharibu kwa sababu ingekuwa ya kweli, angepoteza kila kitu.

Hapo ndipo kitabu kilinikamata mimi.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni tulikuwa kikundi cha watu sita, tukitengeneza video pamoja. Siku moja mtu akaleta skrinshoti ya mmoja wetu, msichana, akituongelea vibaya. Usiku huo huo tulimtoa kwa kundi la WhatsApp. Hakuna aliyeuliza skrinshoti imetoka kwa nani, wala kilichoandikwa juu ya pale ilipokatiwa. Ukweli ni kwamba yeye ndiye alikuwa anasimama mbele ya kamera, na mimi nilikuwa naitaka hiyo nafasi. Niliipata.

Wiki mbili baadaye alinitumia meseji ndefu akieleza. Niliisoma mara moja. Ilikuwa inaeleweka. Nikaifuta, sikujibu, na wale wengine sikuwaambia kitu.

Mpaka leo sijui kama alikuwa anasema kweli. Lakini najua kwa nini niliifuta.

Hadithi zinazomalizika vizuri hukuacha ukiwa msafi. Mbaya anashikwa, wewe unazima taa unalala. Hii inakuachia karatasi mbili mkononi na kukuuliza utaamini gani, halafu inakunyima mtu wa kukusahihishia. Na maisha yetu ya simu yako hivyo kila siku. Skrinshoti inakuja, saa moja baadaye watu wameshahukumu, na maelezo yakifika hakuna anayeyataka tena, hata kama yana maana. Mara nyingi tulishachagua kabla ya kusoma.

Kwa hivyo usiniambie uko upande wa mswada ama wa barua. Niambie hivi: kabla hujafika kwa barua, ulikuwa unataka Verity awe nani? Anzia hapo, halafu ndio tubishane.

Yule msichana namba yake bado ninayo. Nimeandika meseji mara tatu nikafuta. Leo naituma.