"Nizikeni Papa Hapa": Usiishie kwenye Jeneza

Mtahiniwa akiulizwa aeleze jinsi ishara zinavyojenga huzuni katika hadithi fupi, mara nyingi hukimbilia kuorodhesha: jeneza ni ishara ya kifo, machozi ni ishara ya majonzi, giza ni ishara ya mateso. Majibu ya aina hii hayapati alama nyingi, na kwa maoni yangu hayastahili. Jeneza halihitaji kufasiriwa. Kila mtu anajua limebeba nini. Ishara hubeba zaidi ya kinachoonekana, na uzito wake huongezeka kadiri hadithi inavyosonga mbele.

Chukua "Nizikeni Papa Hapa" ya Ken Walibora katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Wengi wenu huisoma kama onyo kuhusu UKIMWI: Otii, mchezaji hodari wa kandanda mjini Mombasa, anapuuza ushauri wa rafiki yake, anaugua na kufa. Onyo hilo limo, sikatai. Lakini ukiishia hapo, hutaweza kueleza kwa nini hadithi haikupewa jina la ugonjwa bali la ombi la mgonjwa. Ninashikilia kwamba ishara kuu katika hadithi hii ni mahali, yaani hilo neno "hapa".

Anza na sarufi unayoijua. Katika "nizikeni", kiambishi "ni" cha mwanzo ni Otii mwenyewe. "Ni" cha mwisho ni ninyi, watu wengi. Kitenzi kimoja kimebeba kifo cha mtu mmoja na wenzake anaowategemea wamsitiri. Huzuni na usuhuba vimekaa pamoja kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Kisha "papa hapa" inasisitiza: si kwingine, ni kwenye mji uliompa sifa na ambamo aliugulia.

Sasa utazame mguu wake. Mguu ndio uliomletea mashabiki, na ulipovunjika, waliompigia makofi wakatoweka. Ukisema tu kwamba mguu uliovunjika ni ishara ya maumivu, umepoteza hoja. Mguu huo unapima usuhuba: unatuonyesha nani alimpenda Otii na nani alipenda mabao yake.

Ombi lake halisikizwi. Watu wa kwao wanachanga fedha na kuusafirisha mwili, na safari hiyo inazaa ajali na vifo vingine vingi. Hapa ndipo kinaya kinapouma. Waliokataa kumwacha peke yake ndio hao hao waliokataa kumsikiliza. Hawakuwa na nia mbaya. Safari ni ishara ya mapenzi yao na pia ya ukaidi wao. Jibu zuri hutaja pande zote mbili.

Ukitaka kujua kwa nini neno "hapa" lina uzito huo, si lazima uende Mombasa. Uliza wazazi wako kuhusu kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia karibu na Ngong, kusini magharibi mwa Nairobi, akisema hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilivuma katika mahakama za jijini hadi Mei 1987, ukoo ukashinda, na mwili uliokuwa umekaa mochari kwa miezi 5 ukazikwa Nyalgunga bila mjane kuhudhuria. Usiandike katika mtihani kwamba Walibora aliiga kesi hiyo. Hutakuwa na ushahidi. Ikukumbushe tu kwamba udongo wa kaburi unaweza kuuliza swali gumu: ni nani aliye mwenzako hasa, wa ukoo au wa maisha yako?

Huenda hata wewe unayesoma Kawangware, Kangemi au Dagoretti umewahi kuona jirani aliyeishi mtaani miaka mingi akisafirishwa mashambani kuzikwa, na waliogawana naye chumvi wakabaki barabarani wakipunga mikono. Hao pia wamefiwa. Hadithi hii inawapa nafasi ambayo mazishi hayakuwapa.

Kwa hivyo, unapojibu, taja ishara, onyesha inapojitokeza, eleza inavyobadilika, kisha sema inatufunulia nini kuhusu uhusiano wa wahusika. Ukiikosa hatua hiyo ya mwisho, utakuwa umeorodhesha tu.

Jaribu swali hili: "Waliomsafirisha Otii walimpenda kuliko waliomsikiliza." Jadili ukirejelea ishara mbili. (alama 10)