Malalamiko ya Mtaani Yasiishie Mezani

Masika yanapofika Tanga, maji ya mvua hayaulizi mtaro ni mali ya idara gani. Huufuata uliko, na yakiukuta umejaa mchanga, vifuu na mifuko chakavu, huacha njia na kuingia majumbani. Mji wenyewe umekaa kwenye tambarare ya pwani, na maji yasiyosukumwa na mteremko hayana haraka ya kuondoka. Mama anayekaanga mihogo barazani, katika mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zilizopewa namba badala ya majina, huinua jiko lake, huweka magunia mlangoni, na kesho yake hufunga safari kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Hapo ndipo Serikali inapopimwa.

Katika lugha ya ofisini shauri la mama huyo huitwa kero ndogo ndogo. Jina hilo limezoeleka mno hata limepoteza ubaya wake, lakini ni jina baya. Maana yake ni kwamba yako mambo makubwa, yaani bajeti, miradi na ugeni wa viongozi, na yako yale mengine yatakayoshughulikiwa ikipatikana nafasi. Ukweli ni kinyume. Mambo makubwa yana wenyewe: bandari ina mamlaka yake, reli ina shirika lake, ulinzi una jeshi lake. Halmashauri iliundwa mahsusi kwa ajili ya taka zisizozolewa, soko lisilo na choo, taa ya njiani iliyozimika na kiwanja kimoja kilichogawiwa watu wawili. Ikiyaona hayo kuwa madogo, haitapata kubwa la kufanya.

Nchi hii ina sababu ya pekee ya kulijua jambo hilo, kwa kuwa ilikwisha kujaribu kuishi bila halmashauri. Mwaka 1972, kwa nia njema ya kuyasogeza madaraka karibu na wananchi, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya zile za miji. Kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa mikoa na wilaya chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Shabaha ilikuwa kuvijenga vijiji, na ilikuwa shabaha ya haki kabisa katika nchi ya wakulima. Lakini miji ikabaki bila mwenyewe. Magari ya taka yakaharibika na yasitengenezwe, mitaro ikaziba, huduma za afya mjini zikalegea. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kipindupindu kikaingia, na maradhi hayo, kama ijulikanavyo, hupenda mahali ambapo maji safi na machafu yamekutana. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya muda ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikafuata sheria kamili ambazo zingali msingi wa serikali za mitaa hata leo, Namba 7 kwa ajili ya wilaya na Namba 8 kwa ajili ya miji. Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano ya mwaka 1984, angali Rais, kwamba kuzivunja halmashauri lilikuwa kosa. Ni viongozi wachache duniani waliopata kusema hivyo wakiwa bado wamekalia kiti.

Fundisho la miaka ile halikuwa kwamba maofisa wa mkoa walikuwa wavivu. Wengi wao walikuwa wachapakazi. Fundisho ni kwamba mtumishi anayewajibika kwa bwana wake wa juu peke yake hawezi kuusikia mtaro uliozibika hatua mia moja kutoka ofisini kwake, kwa sababu hakuna awezaye kumwuliza habari ya mtaro huo isipokuwa yule mama, na mama hana njia ya kumfikia. Diwani alirudishwa ili awe njia hiyo. Ibara za 145 na 146 za Katiba zinalisema jambo hili waziwazi: serikali za mitaa zipo ili madaraka yawe kwa wananchi.

Sasa na ifuatwe safari ya lalamiko moja, kama ilivyopangwa kwenye karatasi. Mama wa Ngamiani anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, aliyechaguliwa na majirani zake kwa muda wa miaka 5 na ambaye hana mshahara bali posho. Wazee wengine bado hupitia kwanza kwa balozi wa nyumba kumi, desturi iliyoanzishwa na TANU katika miaka ya 1960. Balozi leo ni wa Chama na hana amri juu ya mtaro, lakini huwa na masikio, na hiyo si haba. Mwenyekiti huliandika jambo pamoja na Mtendaji wa Mtaa. Likiwazidi hupanda kwenye kata, likajadiliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya Diwani. Likiizidi kata hupanda Halmashauri, likapita kwenye kamati ya kudumu, na hatimaye likafika Baraza la Madiwani, ambalo vikao vyake vya kawaida hufanyika kila robo mwaka. Huko Mkurugenzi na wakuu wa idara hutakiwa kujibu.

Utaratibu huo ni mzuri. Umejaa milango, na kila mlango una mtu aliyechaguliwa au aliyeajiriwa kuufungua. Tatizo ni kwamba lalamiko hupanda ngazi kwa urahisi kuliko jibu linavyoshuka. Mtu yeyote aliyepata kusoma mihtasari ya vikao, na watumishi wa umma wameisoma mingi, anaifahamu sentensi ile maarufu: jambo limepokelewa na linafanyiwa kazi. Robo inayofuata hurudi likiwa vile vile, ila safari hii hutanguliwa na neno "yatokanayo". Limepokelewa na nani, linafanyiwa kazi gani, litakwisha lini? Karatasi haisemi. Na hata kama kazi imefanyika kweli, mara nyingi hakuna aliyepewa jukumu la kutembea hadi barazani kwa yule mama na kumweleza.

Zamani uovu huu uliitwa umangimeza, na neno hilo halistahili kusahauliwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, ubezi na uonevu, na kizazi kilichoukariri bado kiko hai. Lakini umangimeza wa siku hizi umejifunza adabu. Hautukani wala haufokei. Hukaribisha kiti, husikiliza hadi mwisho, huandika kwenye shajara, na humsindikiza mwananchi hadi mlangoni akiwa ameridhika. Kumwambia mtu "njoo kesho" kwa tabasamu ni kumpotezea siku ile ile ambayo angepotezewa kwa matusi; na kwa mtu anayeishi kwa chungu cha leo, siku ni mtaji.

Hata hivyo, haki yataka ielezwe kwamba Halmashauri za leo zinaulizwa mambo mengi yasiyo tena mikononi mwao. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Barabara kuu zina TANROADS. Maji ya bombani yana mamlaka yake, umeme una TANESCO. Kwa hiyo mtaro wa Ngamiani una kitendawili ndani yake: ukiwa pembeni mwa barabara huhesabiwa kuwa sehemu ya barabara, na taka zilizomo ndani yake ni kazi ya Halmashauri, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeipa wajibu wa taka ngumu. Mchanga je? Hapo maofisa wawili wenye elimu nzuri wanaweza kuandikiana barua mpaka mvua zikatike. Wakati huo Diwani ndiye anayezomewa mkutanoni kwa shimo la barabarani ambalo baraza lake halina hata shilingi ya kulifukia.

Fedha nazo zimesafiri. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee waliifananisha na kodi ya kichwa ya mkoloni, ilifutwa mwaka 2003 pamoja na rundo la ushuru wenye usumbufu, na hakuna mwenye akili aliyeililia. Lakini kodi ya majengo pia ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Kwa mkusanyaji ni njia rahisi sana. Kwa uhusiano wa mwananchi na mji wake ni hasara ambayo haikuandikwa kwenye hesabu yoyote. Mwenye nyumba aliyelipa dirishani kwa Halmashauri aliweza kuuliza, hapo hapo dirishani, mbona taka hazizolewi. Anayekatwa pamoja na uniti za umeme hana wa kumwuliza. Halmashauri imebaki na ushuru wa huduma, ushuru wa masoko, vibali na ada ya taka, na katika mapato hayo sheria inaitaka itenge sehemu ya kumi kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Haya yote ni kweli, lakini hayamsamehe mtu kutojibu. Kujibu hakuhitaji kodi ya majengo. Kumwambia mwananchi kwamba "hili si letu, ni la TARURA, tumewaandikia tarehe fulani, nakala ya barua hii hapa" hakuzidi gharama ya karatasi moja. Kinachohitajika ni daftari katika kila ofisi ya mtaa, ambamo kila lalamiko linapewa namba, tarehe, jina la ofisa anayelishughulikia na siku ya jibu, na ukurasa wake unabandikwa ubaoni ili kila apitaye asome. Ofisa ambaye jina lake liko ubaoni mbele ya majirani hutembea kwa mwendo mwingine. Tena shauri lisilowezekana na liandikwe kwamba haliwezekani, na sababu yake. Watu wa mitaani si watoto. Wanachokichukia zaidi ya kunyimwa ni kuzungushwa.

Walimu wanalijua hili pengine kuliko watumishi wengine. Shule ya msingi ndiyo ofisi ya Serikali iliyo karibu zaidi na nyumba za watu, na mwalimu mkuu huletewa mashauri ambayo hayamo katika mtaala wowote: dimbwi mbele ya geti, jalala lililosogea hadi uwanjani, choo kilichojaa. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika watoto, jambo la kujivunia, na vyoo vilivyotosha jana havitoshi leo. Mwalimu huandika barua kwa Afisa Elimu Kata, na yeye huipeleka mbele. Mwalimu yule yule, jioni, ni mkazi wa mtaa, mara nyingi ndiye anayeombwa kuandika muhtasari wa mkutano kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Kalamu hiyo ina nguvu. Muhtasari unaosema "wananchi walilalamikia usafi" umelizika jambo. Unaosema mtaro uko wapi, umeziba tangu lini, nyumba ngapi zimeingiliwa na maji na nani ameahidi kufika, umemfunga mtu.

Wananchi nao wana lawama yao, na gazeti lisiloisema litakuwa linabembeleza. Vifuu vilivyoziba mtaro havikuletwa na bahari. Mtu anayekataa kulipa ada ya taka, akamwaga ndoo yake mtaroni usiku, kisha asubuhi akawa wa kwanza kumlaani Diwani, ana mkono wake katika mafuriko ya jirani. Mikutano ya mitaa nayo huhudhuriwa na wazee wachache na akina mama, huku vijana wakiwa vijiweni wakiichambua Serikali kwa ufasaha mkubwa. Lakini na hapa chanzo kichunguzwe: watu huacha kuja mkutanoni pale walipokwisha kuja mara tatu na kusikia majibu yale yale.

Tanga ina nafasi nzuri ya kurekebisha haya kuliko majiji makubwa. Katika sensa ya mwaka 1967 ilikuwa na watu wapatao 61,000. Mwaka 2005 ikapewa hadhi ya jiji, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 390,000. Bado ni jiji ambalo watu wengi huenda kazini kwa baiskeli, na ambamo Diwani hukutana na waliomchagua sokoni, msikitini na mazikoni. Mahali pa namna hiyo ofisa hawezi kujificha kwa muda mrefu, na akitaka kutembea kutoka ofisini hadi kwenye mtaro uliotajwa, anaweza kwenda na kurudi kabla ya chai ya saa nne.

Taarifa za robo ya pili ya mwaka wa fedha hufungwa mwishoni mwa Desemba, na Baraza huzijadili baada ya hapo. Masika huanza Machi. Katikati zipo wiki chache za jua, na mchanga ulio katika mitaro ya Ngamiani, uwe wa TARURA au uwe wa Halmashauri, huzoleka kwa koleo na toroli.